Barua ya wazi kwa wenye dhamana: usalama wa mizigo ya chuma uanzie chini ya ndoano

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya masuala ya kazi, Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wakurugenzi wa majiji na manispaa, pamoja na wamiliki wa viwanda, maghala na maduka ya chuma.

YAH: USALAMA WA WANAOFUNGA, KUNYANYUA NA KUPANGA MIZIGO YA CHUMA

Waheshimiwa na ndugu zangu,

Mimi ni msimamizi wa bohari ya chuma jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea malori yanayoleta nondo, pleti, mabomba na mihimili, kusimamia ushushaji, na kuhakikisha kwamba mzigo unapangwa na kutoka salama kwenda kwa mteja. Ninawaandikia kwa sababu moja. Tunapozungumzia usalama wa kunyanyua mizigo mizito, macho yetu huenda kwenye kreni na kwa dereva wake: mtambo umekaguliwa lini, dereva ana leseni gani. Hayo ni maswali ya msingi na ninashukuru kwamba yanaulizwa. Lakini wengi niliowaona wakiumia katika kazi hii hawakuumizwa na mtambo ulioharibika. Waliumizwa na mambo yaliyo chini ya ndoano, yaani namna mzigo ulivyofungwa, kifaa kilichotumika kuufunga, na mahali ulipokuwa umelazwa kabla ya kunyanyuliwa au baada ya kushushwa. Mambo hayo yako mikononi mwa kibarua ambaye hakuna aliyemfundisha, na ombi langu ni kwamba usimamizi wa sheria umfikie yeye kwanza.

Chuma kimeongezeka sana nchini. Reli ya kisasa, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na maghorofa yanayoendelea kupanda Kariakoo, yote yamejengwa kwa chuma kingi. Nondo moja inayoishia ndani ya nguzo ya zege huwa imekwisha kufungwa, kunyanyuliwa na kulazwa mara nyingi njiani: kiwandani au bandarini, kwenye bohari, dukani, halafu saiti. Kwenye miradi mikubwa huwa yupo ofisa usalama mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Kwenye duka la chuma la Gerezani au Buguruni, ambako lori hushushwa kandokando ya barabara huku bodaboda na wapita njia wakipenya katikati, jukumu hilo mara nyingi halina mwenyewe. Chuma ni kilekile na uzito ni uleule.

Uzito wenyewe hudanganya macho, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Mita moja ya ujazo ya chuma ina takriban kilo 7,850. Pleti ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 10, ambayo mtu akiiona imelala chini anadhani vijana watatu wanaweza kuibeba, ina karibu kilo 234. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na zaidi kidogo, na kwa sababu hiyo vijana hujitwisha nyingi kwa pamoja. Ya milimita 16 inafika kilo 19, ya milimita 25 kilo 46, na ya milimita 32 kilo 76. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mtu mzima peke yake usizidi kilo 55. Nondo moja tu ya milimita 32 imeshavuka kiwango hicho, na bado ninaona ikibebwa begani na mtu mmoja huku mwenzake akishikilia ncha kwa ajili ya kuielekeza tu.

Mzigo unapokuja kwa kreni au foklifti, jambo la kwanza ambalo anayeufunga anapaswa kulijua ni uzito. Mara nyingi halijui. Kibao cha kiwandani kimeng'oka njiani, au kipo upande mmoja tu na upande huo umelaliwa na mabando mengine, yaani mafungu ya chuma yaliyofungwa pamoja, au mabando mawili yameunganishwa kuwa moja ili safari zipungue. Karani anakadiria kwa macho, dereva anakubali kwa kumwamini karani, na aliyefunga hakuulizwa. Ndiyo maana ninaomba kila bando linalotoka kiwandani au linaloingia nchini liwe na kibao cha chuma chenye uzito wake katika ncha zote mbili, na bando lisilo na kibao lisinyanyuliwe mpaka uzito wake umekokotolewa na kuandikwa kwa chaki juu yake. Hesabu si ngumu. Karani mwenye jedwali la uzito wa nondo na pleti lililobandikwa ukutani anaimaliza katika muda mfupi kuliko ule ambao lori linautumia kurudi kinyumenyume.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu waya wa kufungia bando, kwa sababu hapa pana hatari kubwa na dawa yake ni rahisi. Nondo hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa waya mwembamba sehemu kadhaa ili zisitawanyike. Waya huo haukukusudiwa kubeba uzito wa bando. Hata hivyo, katika maghala mengi ndoano ya kreni huingizwa moja kwa moja kwenye waya huo na mzigo wa tani mbili ukapandishwa. Unaweza kushika mara nyingi, na kila unaposhika watu huzidi kuamini kwamba hakuna shida. Siku utakapokatika, nondo hazianguki kama kitu kimoja. Upande mmoja hushuka kwanza, nyingine huchomoka kwa kasi kuelekea upande ulioinama, na yeyote aliyesimama kwenye usawa wa ncha zake hana pa kukimbilia.

Ukimuuliza kijana kwa nini ameshika waya, atakujibu kwa haki kabisa kwamba hakuna namna ya kupitisha kamba chini ya bando. Na kweli hakuna. Bando limelazwa sakafuni moja kwa moja, au limelala juu ya jingine bila kipande cha mbao katikati, na ili kamba ipite ni lazima mtu achokonoe kwa mtaimbo, mwingine aingize mkono huku wa tatu akishikilia. Mikono hupondwa hapo. Kati ya kuhatarisha vidole sasa hivi na kuhatarisha maisha ya mtu huko mbele, kijana anachagua waya. Kwa hiyo kosa linaloonekana wakati wa kunyanyua lilitendeka siku mzigo ulipolazwa, na lilitendwa na sisi wasimamizi na wamiliki ambao hatukuweka magogo ya mbao sakafuni. Magogo mawili au matatu yenye unene sawa, yaliyopangwa kwenye mstari mmoja kutoka tabaka la chini hadi la juu, yanatosha kuacha nafasi ya kamba kupita bila mkono wa mtu kuingia chini ya chuma. Ninajua wamiliki wanaosema hiyo ni gharama. Mbao hizo zinaweza kuwa masalia ya mbao za saiti, ilimradi ni ngumu na hazijaoza.

Kamba ikishapita chini, bado kuna suala la pembe, ambalo nimeona hata watu wazoefu hawalipi uzito. Chukua bando la tani 2 linalonyanyuliwa kwa kamba mbili zinazokutana kwenye ndoano. Kamba zikiwa karibu wima, kila moja hubeba tani 1. Zikiachana kiasi cha nyuzi 60, kila moja hubeba tani 1.15; zikiachana nyuzi 90, tani 1.41, na zikifika nyuzi 120, kila kamba inabeba tani 2 nzima, ingawa hakuna aliyeongeza hata nondo moja kwenye mzigo. Nondo zina urefu wa mita 12 na kamba nyingi za madukani ni fupi, hivyo pembe pana ndiyo hali ya kawaida. Zaidi ya hapo, kamba zilizotanuka hivyo huteleza kuelekea katikati ya bando, ncha zinaning'inia, bando linapinda na kuanza kuyumba. Dawa ni kamba ndefu zaidi, zilizozungushwa mara mbili ili zibane mzigo, au mhimili wa kunyanyulia unaoning'inia kwenye ndoano na kuruhusu kamba kushuka wima. Na kabla ya kupandisha, mzigo unyanyuliwe kiasi cha shubiri moja tu, usimame, kila mtu aangalie kama uko sawa, ndipo uendelee. Ukiinama, unarudishwa chini na kufungwa upya. Nimewahi kubishana na wateja wenye haraka kuhusu shubiri hiyo, na nitaendelea kubishana nao.

Vifungio vyenyewe vina hali ya kusikitisha. Kamba za waya zimekatika nyuzi na kuchoma mikono, nyingine zimekunjika mahali pamoja mpaka zimeota kifundo, nyingine zimeunguzwa na cheche za mashine ya kulehemu. Mikanda ya kitambaa iliyokatwa na ukingo wa pleti hufungwa fundo na kurudishwa kazini, ilhali mkanda wenye fundo umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na ule uliopita kwenye ukingo mkali bila kipande cha ngozi au mpira katikati unaweza kukatika mara moja bila dalili. Ndoano zimefunguka mdomo, na kile kilimi cha usalama kinachozuia kamba isichomoke kimeng'olewa kwa sababu kilikuwa kinachelewesha kazi. Kibao cha kiwango cha juu cha uzito hakisomeki. Ukiuliza kamba hii ilinunuliwa lini au ilikaguliwa na nani, hakuna anayejua. Wakaguzi wa OSHA wanapokuja kukagua mitambo ya kunyanyulia, ninaomba wasiishie kwenye kreni. Waombe waoneshwe kila kamba, kila cheni, kila mkanda na daftari lake, na chochote kisicho na namba wala kumbukumbu kikatwe vipande viwili mbele yao ili kisirudi kazini wakishaondoka.

Lipo jambo jingine ambalo ni la kwetu hasa, nalo ni nondo zilizokunjwa. Kwa kuwa malori mengi ya mjini hayawezi kubeba urefu wa mita 12, mabando hukunjwa katikati na ncha zake mbili kufungwa pamoja. Bando la namna hiyo ni upinde uliovutwa. Kijana analisogelea akiwa na mashine ya kukatia au shoka, anasimama mbele ya ncha kwa sababu ndiko waya uliko, anakata, na nondo zinafunguka kwa nguvu zote zilizokuwa zimebanwa. Nimeona taya lililovunjika hivyo, na nimeona jicho lililopotea. Anayefungua bando lililokunjwa anapaswa kusimama upande wa mkunjo, pembeni, kamwe asiwe mbele ya ncha. Kwanza bando lizungushiwe cheni au mkanda wa kulishikilia, waya ukatwe kwa mkasi mrefu, kisha mkanda ulegezwe polepole mpaka nguvu imeisha. Afadhali zaidi, viwanda viuze nondo zilizokatwa mita 6 kwa wale ambao hawawezi kubeba ndefu. Kama mnunuzi ataishia kuzikata saiti, hakuna haja ya kuzikunja kwanza kwa gharama ya macho ya mtu.

Kuhusu uhifadhi, nitaeleza zaidi juu ya pleti, kwa sababu zinaua bila mtambo wowote kuwashwa. Katika ghala moja nililowahi kufanya kazi, pleti zilisimamishwa zikiegemea ukuta, karibu wima kabisa, kubwa na ndogo zikichanganyika. Kijana mmoja alitumwa kutafuta pleti ya unene fulani. Akawa anazivuta za mbele moja baada ya nyingine kuelekea kifuani kwake, kama watu wote walivyozoea kufanya pale, ili asome maandishi ya za nyuma. Pleti iliyo wima haina uzito mkononi. Uzito unakuja inapovuka mstari wa wima, na unakuja wote kwa pamoja. Pleti tano za milimita 10 ni zaidi ya tani moja. Alivunjika miguu yote miwili, na ilibidi foklifti itafutwe ghala la jirani ili kumtoa. Kreni yetu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Mkaguzi angekuja siku hiyo kuangalia mtambo, angekuta kila kitu kiko sawa.

Pleti zinapaswa kulazwa juu ya mbao, au kusimamishwa ndani ya fremu yenye nguzo zinazotenganisha kila unene mahali pake, na maandishi yapakwe ukingoni ili mtu asome bila kugusa. Mabomba na mihimili ya mviringo yasipangwe bila kabari na nguzo za pembeni. Koili za bati, hasa zile nyembamba zilizokatwa upana mdogo, zisisimamishwe bila kuzuiwa pande zote mbili. Na kwa wenye yadi za udongo, ambao ni wengi kuanzia Vingunguti hadi Mbagala, naomba wakumbuke masika. Rundo lililosimama vizuri Februari linakuwa limeinama Aprili, kwa sababu ardhi chini ya magogo imelowa na kudidimia upande mmoja. Kila baada ya mvua kubwa marundo yakaguliwe kabla mtu hajaruhusiwa kupita katikati yake.

Ishara nazo zinahitaji kutajwa, japo kwa ufupi. Kwenye ushushaji mmoja unasikia sauti sita: shusha, pandisha, leta kwangu, ngoja. Dereva anafuata iliyo kali zaidi. Atoe ishara mtu mmoja, aliyevaa kizibao cha rangi tofauti, na wengine wanyamaze. Isipokuwa neno "simama", ambalo dereva anapaswa kulitii hata likitamkwa na mpita njia. Mzigo uongozwe kwa kamba ndefu iliyofungwa kwenye ncha yake, si kwa kuushika kwa mikono, na asiwepo mtu chini yake kwa sababu yoyote ile. Viatu vya usalama, kofia ngumu na glovu ni lazima, na ni aibu kwamba bado kuna watu wanashusha chuma wakiwa wamevaa kandambili. Ila naomba tusidanganyike kwamba tukigawa kofia tumemaliza kazi. Kofia haizuii bando la tani mbili.

Nimalizie na kijana mwenyewe. Huchukuliwa getini asubuhi, hulipwa kwa lori, na kwa hiyo kila dakika ya kukagua kamba inakatwa kwenye mfuko wake. Huwezi kumlipa mtu kwa kasi halafu ukamlaumu kwa haraka. Jina lake haliandikwi popote. Anapoumia, anapelekwa hospitali kwa bajaji, anapewa kiasi kidogo cha kujikimu na mwenye mzigo, na habari inaishia hapo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 kwa ajili ya watu wanaoumia kazini, na michango yake hutolewa na mwajiri, si kwa kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Lakini kibarua ambaye hajaandikwa kwenye daftari lolote atathibitishaje kwamba siku ile alikuwa kazini, na kwa nani? Ajali yake haiingii kwenye taarifa, na isiyoingia kwenye taarifa haiwezi kumfanya mkaguzi arudi kwenye ghala lile.

Siombi sheria mpya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imekwisha kumbebesha mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa watu walio kazini kwake. Ninachoomba kwa Mheshimiwa Waziri ni mwongozo mfupi wa Kiswahili, wenye michoro, unaohusu chuma peke yake: kufunga, kunyanyua na kupanga, na ambao utakataza waziwazi kunyanyua kwa waya wa bando. Kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA, ninaomba wanaofunga mizigo na kutoa ishara watambuliwe kuwa kada inayohitaji mafunzo na kitambulisho, kama ilivyo kwa dereva wa kreni, na kwamba mafunzo hayo ya siku chache yapelekwe yadini kwa kushirikiana na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa sababu kijana anayelipwa kwa lori hawezi kuacha posho yake aende darasani. Maadhimisho ya tarehe 28 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yangeweza mwaka mmoja kufanyika kwenye yadi ya chuma, na hao vijana wakiwa ndio wageni rasmi.

Kwa wakurugenzi wa majiji na manispaa, leseni ya biashara ya duka la chuma iambatane na swali moja la kukaguliwa kwa macho: lori linashushwa wapi, na mzigo unalazwa juu ya nini? Duka lisilo na nafasi ya kushushia lipangiwe saa za usiku au alfajiri, kabla barabara haijajaa watu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, nalo lingetusaidia sana likifanya kibao cha uzito kuwa sehemu ya masharti ya ubora wa bando, kama linavyoangalia unene na nguvu ya nondo yenyewe.

Na kwa wamiliki katika biashara hii, ambao wengi wao ninawafahamu na kuwaheshimu, ninaomba hatua ambazo hazihitaji barua kutoka serikalini: daftari la majina getini kila asubuhi, malipo ya kibarua yahesabiwe kwa siku na si kwa lori, magogo ya mbao chini ya kila bando, fremu ya pleti, na mkasi mrefu wa kukatia waya. Kijana yeyote akisema mzigo huu haujafungwa vizuri, ushushwe, na siku hiyo alipwe kamili.

Naomba kuwasilisha.

Msimamizi wa bohari ya chuma,
Dar es Salaam